Kifaa cha Kozi ya Kiangazi

Nchi yetu haina kiangazi cha kuringia watu. Ina masika, ina vuli, na katikati yake kuna vumbi. Hatukujua kwamba hilo ni kosa mpaka Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Majira aliporudi kutoka ng'ambo. Aliita waandishi palepale uwanja wa ndege, kabla hata hajapokea begi lake, akatangaza kwamba ameiona kwa macho yake siri ya wenzetu kuendelea. Huko, alisema, jua likishawaka walimu hawaendi kulima wala kukaanga maandazi. Wanakwenda chuo kikuu kusoma kozi za kiangazi. "Ndiyo maana," akasema, kisha akanyamaza ili tupige makofi, nasi tukapiga.

Haukupita muda ukatoka waraka: kiangazi kimeanzishwa. Kwa kuwa bajeti ilichelewa kusomwa, kilipangwa kiangukie katikati ya masika. Waraka ulifafanua kwamba maji yoyote yatakayoanguka kutoka juu katika kipindi hicho yatambuliwe kuwa unyevunyevu wa muda, na kwamba mtu atakayeonekana na mwavuli ndani ya eneo la chuo atahesabiwa kuwa anarudisha nyuma juhudi. Mimi ni mtu wa kutii. Nilikwenda na kofia ya ukili na miwani ya jua, nikafika nimelowa chapachapa, na mlinzi wa getini, meno yakimgongana kwa baridi, akanisalimu kama alivyoagizwa: "Pole na joto, Mwalimu."

Kozi zilikuwa tatu: Elimu, Makuzi ya Mtoto, na Kiingereza. Mwalimu asiyehudhuria, hana kazi. Asiyefaulu, hana kazi. Habari za kozi ya Elimu nitaziruka, maana hata yenyewe iliturukia mbali. Mhadhiri wake alikuwa amekwenda kusoma kozi ya kiangazi nchi nyingine, nasi tulikitazama kiti chake kwa saa zilizopangwa na kusaini mahudhurio.

Bwenini nilipangwa chumba kimoja na Mwalimu Mwajabu, binti wa kumzaa kabisa, anayefundisha chekechea kijiji cha Mwendambio, huko barabara inakokata tamaa. Alikuja na begi moja, ndoo moja na mtoto mmoja. Waraka ulikataza watoto kwa sababu, uliandika, watoto huvuruga masomo ya makuzi ya mtoto. Lakini mumewe alikwishafariki, na mama yake mzazi haoni tena hata pa kuweka mkono.

"Sasa ningemwacha na nani, mama?" aliniuliza. Aliniita mama siku ileile ya kwanza, na mimi nikaona nisibishane na mtu mwenye adabu.

Mtoto aliitwa Sudi, mwaka wake wa tatu ulikuwa ukingoni. Kuzungumza? Huyo alizungumza mpaka usingizini. Alizungumza na ndoo, alizungumza na ndala zangu, aliwasuta inzi. Mimi alinisimulia habari za nyumbani kwao bila kuulizwa. "Bibi, mbuzi wetu ana ndevu, lakini ni mwanamke," aliniambia kwa uzito wote, na alikasirika nilipocheka. Na alifundwa, mtoto yule. Hakuingia popote bila kupiga hodi. Akitaka kuingia uvunguni kutafuta kiatu, hodi. Akitaka kufunua sufuria, hodi. Alisubiri mama yake aitikie "karibu", ndipo anyooshe mkono. Nimefundisha watoto wa kila namna na nilimpenda yule kuliko wote, nasema wazi, wasikie wengine waone wivu.

Mkuu wa idara ya Makuzi ya Mtoto alikuwa Profesa Lumwecha. Makuzi aliyasomea ng'ambo mpaka nywele zikamtoka, akarudi na kitabu kinene na koti la sufu ambalo hakulivua hata siku moja ya kiangazi chetu. Kitabu kilieleza kila kitu. Kilisema mtoto wa miaka mitatu huitambua theluji, humpungia mkono mleta barua, na hutumia uma. Profesa mwenyewe hakuwa na mtoto wala hakuwahi kuketi na mmoja. Alisema ukaribu huharibu uchunguzi. Alifundishia sanamu ya plasta iliyokatika mguu, na kwa hiyo sisi sote tuliandika kwenye daftari zetu kwamba mtoto huegemezwa ukutani.

Siku moja Sudi alimponyoka jirani yetu wa bweni aliyekuwa amemshika, akafuata korido mpaka mlango wa ukumbi wa mihadhara. Akabisha.

"Hodi."

Profesa alikatizwa katikati ya sentensi. Mwajabu aliinamisha kichwa mpaka kwenye dawati, akijua kazi imekwisha. Lakini Profesa alishuka jukwaani polepole, akamzunguka mtoto, akavaa miwani, akaivua.

"Hiki ni nini?" aliuliza. Haya yote yalisemwa kwa Kiingereza. Nawatafsiria kwa hisani tu.

"Ni mtoto, Profesa," nilijibu mimi, maana wengine waliona ni mtego.

"Mzima?"

"Mzima, Profesa. Miguu yote."

"Idara imekuwa ikiomba kitu hiki miaka nenda miaka rudi," alisema, na miwani akaifuta kweli, simsingizii. "Kila mara tunajibiwa hakuna fungu."

Jioni ileile Sudi aliingizwa katika mali za chuo kuwa kifaa cha kufundishia: mtoto, mmoja, anayezungumza. Fundi alikuja na kopo la rangi nyeupe ili amwandike namba mgongoni, kama wanavyoandika viti na makabati ya serikali. Nilimbembeleza aiandike kwenye ndala za mtoto. Kifaa kilipewa uji, blanketi na chumba chenye ukuta mmoja wa kioo ili tukichunguze kwa nafasi. Mwajabu alifurahi. Hakufukuzwa, na mwanawe anakula mara tatu, tena maziwa yamo. Alinishika mikono yote miwili akaniambia Mungu ni mkubwa, na mimi niliitikia kwa sababu ni kweli, Mungu ni mkubwa, tatizo ni hawa wadogo wanaokaa katikati.

Sasa niwaeleze kozi ya Kiingereza. Iliongozwa na Madamu Eufrazia, mwanamke mrefu aliyevaa soksi ndefu na ambaye, ilisemekana, hata ndoto zake zilikuwa na tafsiri ya Kiingereza. Sheria yake ilikuwa moja: ndani ya uzio wa chuo, lugha ya nyumbani isisikike, iwe chumbani, bafuni au kwa mgonjwa. Akikukamata anakuvisha kibao cha mbao shingoni, kilekile ambacho shuleni tunawavisha watoto, ila hiki kilichongwa kwa saizi ya watu wazima. Ukikivaa mara ya tatu, unafunga virago na kazi umeiaga.

Mwajabu alikivaa mara ya kwanza kwa kuniambia "pole" nilipoteleza kwenye ngazi zilizolowa unyevunyevu wa muda. Alikivaa mara ya pili kwa kumwimbia mwanawe wimbo wa kumlaza kupitia tundu la kitasa. Kisa hicho cha pili ndicho kilichomfikisha kwa Profesa, ambaye alihuzunika sana. Alimweleza kwamba uchunguzi unataka usafi. Kifaa kisemeshwe Kiingereza tu, na zaidi ya wote mama ndiye ajichunge, kwa sababu sayansi imethibitisha kwamba mama ndiye mwambukizaji mkuu wa lugha ya nyumbani.

Kiingereza cha Mwajabu kilikuwa cha chekechea. Kilikuwa cha kuamkia, cha kuketisha, cha kuhesabu mpaka ishirini, na cha tunda moja ambalo kwao halioti. Kwa Kiingereza hicho huwezi kumweleza mtoto kwa nini mama yake hamwitikii.

Ilikuwa zamu yetu ya kuchunguza. Tulisimama mstari mbele ya kioo, kila mmoja na kalamu yake. Sudi alikuwa akiusukuma mpira ambao kitabu kiliagiza ausukume. Akainua kichwa, akamwona mama yake. Alicheka, akaja mbio na ndala zake zenye namba, akasimama kwa adabu mbele ya kioo, akabisha.

"Hodi."

Mwajabu alitazama sakafu. Madamu Eufrazia alikuwa nyuma yetu, kibao kiko mkononi, kamba imeshatanuliwa.

"Hodi," alirudia Sudi, safari hii kwa sauti zaidi, akidhani mama hakusikia.

Mwajabu aliinua uso. Midomo yake ilijikunja ikatafuta, na kilichotoka kilikuwa salamu ya asubuhi, kwa Kiingereza, na kulikuwa jioni. Sudi aliusikiliza mdomo ule usiokuwa wa mama yake. Akabisha tena, sasa kwa kiganja, polepole.

"Hodi."

Kwetu, na nadhani hata kwenu, mtu akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, huondoka. Ama nyumba haina watu, ama ina watu wasiomtaka, na vyote viwili si vya kulazimisha. Sudi alifundwa hivyo. Hodi ya nne hakuwa nayo. Alisimama kidogo akimtazama mama yake, mama aliyekuwepo, macho kodo, hatua moja tu upande wa pili wa kioo. Kisha akageuka akaenda kuketi pembeni, akauacha mpira ujiendee.

Alijaribu tena kesho yake. Akajaribu tena siku iliyofuata. Baada ya hapo hakuja kwenye kioo, na baada ya hapo hakusema. Hakuuambia uji kitu, wala ndala, wala inzi. Mhudumu alipomsemesha, aliutazama ukuta.

Profesa alifurahi kupita kiasi. Alitusomea kutoka kwenye kitabu sura nzima juu ya utulivu, ambao ni dalili ya ukomavu. Chati ya maneno ya Sudi ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa. Profesa aliigeuza juu chini, ikapanda, tukapiga makofi. Mheshimiwa Waziri mwenyewe alikuja kuishuhudia. Alishuka kwenye gari chini ya mwavuli ambao msaidizi wake aliutambulisha kama kivuli, akahutubia saa nzima. "Mtoto wa zamani alipiga kelele," alisema. "Mtoto tunayemtaka ni huyu, anayetafakari." Akampungia Sudi mkono kupitia kioo. Kwa kuwa Sudi hakumpungia, tuliandika kwamba alikuwa akitafakari.

Mimi sikutafakari, mimi niliumia. Nilimvuta Mwajabu kwenye bomba la kufulia, nikafungulia maji yapige kelele, nikamnong'oneza kwa lugha yetu.

"Mwitikie mtoto, mwanangu. Neno moja tu. Acha kazi iende zake."

"Halafu nimlishe nini, mama?" Alikuwa akikamua shati la Sudi, alilikamua mpaka nikaogopa litachanika. "Baba yake hayupo. Shamba ni la shemeji, na mashemeji unawajua. Nimlishe 'karibu'?"

Alianika shati kwenye kamba, mvuani, kwa sababu kilikuwa kiangazi.

"Kozi inakwisha," alisema. "Ikiisha tu nitamwambia yote. Nitamwitikia hodi zake zote nilizokuwa nadaiwa."

Mtihani wa mwisho ulikuwa na swali moja: eleza umuhimu wa kuzungumza na mtoto. Mwajabu aliandika mpaka akaomba karatasi za ziada. Sijui Kiingereza kile alikitoa wapi. Nadhani mtu akibanwa sana hata lugha ya kigeni humwonea huruma. Aliongoza wote. Jina lake lilisomwa wa kwanza, akapewa cheti chenye mhuri wa dhahabu, na Madamu Eufrazia akamkumbatia akilia, kwa maana hata yeye alikuwa mtu. Mwajabu hakusubiri soda. Alikimbia na cheti chake mpaka stoo, ambako kifaa kilirudishwa kozi ilipokwisha.

"Kifaa hakitoki," alisema mtunza stoo.

"Ni mwanangu."

"Sikatai, dada. Mtoto ni wako. Lakini ni wa chuo."

Alimweleza kwa upole. Mali ya serikali haitoki getini kwa sababu mtu anaipenda. Ikishaingia stoo hutoka kwa njia moja tu: Bodi ya Vifaa Chakavu ikae, ikitazame kifaa, iridhike kwamba hakifai. Kama kinafanya kazi, kinabaki. Kwa kozi ya kiangazi kijacho kitahitajika, na Profesa tayari ameomba kabati la kukihifadhia lipanuliwe.

"Na mnajuaje kama kinafanya kazi?"

"Imeandikwa mtoto, mmoja, anayezungumza," alijibu mtunza stoo. "Akizungumza, anafanya kazi."

Basi Mwajabu, aliyekuwa akifunga na kusali ili mwanawe afumbue kinywa, alirudi bwenini kusali kwamba asikifumbue. Nilimsikia. Nilitamani kumwambia asimchanganye Mungu, lakini ningekuwa mimi ningesali vilevile.

Bodi ilikaa siku ya kufunga chuo. Wajumbe walikuwa fundi wa rangi, dereva, na mwenyekiti wao, Mzee Masagati, ambaye alikaribia kustaafu. Hao hawakuitwa kozi yoyote, Kiingereza hawakijui, na kwa idhini maalumu bodi yao huendeshwa kwa lugha ya nyumbani. Hilo ndilo sikulifikiria mapema. Hakuna aliyelifikiria.

Sudi aliletwa akaketishwa kwenye kiti kati ya feni iliyoungua na meza ya miguu mitatu. Mzee Masagati alimwekea mto mgongoni. Ana wajukuu, nilimjua kwa jicho lake. Kisha akaanza kazi.

"Feni hii imekuwaje?" aliuliza.

"Feni hii haifai, mzee," alijibu fundi. "Haizunguki."

"Chakavu. Na meza?"

Nilikuwa nikimtazama Sudi. Aliposikia maneno yale, ya kwao, yanasemwa mbele yake na watu wazima bila woga, uso wake ulianza kuamka. Alimtazama fundi, akamtazama mzee. Alimtafuta mama yake kwa macho, akampata. Mdomo wake ukaanza kucheza. Nilikiona kile kilichokuwa kinakuja, jinsi kilivyokuwa kinapanda kooni mwa mtoto yule baada ya kukaa gizani muda wote ule, na moyo wangu ulitaka kukiita na kukirudisha kwa pamoja. Mwajabu naye alikiona. Neno moja, na mwanawe anabaki stoo mpaka kiangazi kijacho.

"Kifaa kinachofuata," alisema Mzee Masagati. "Utaratibu unataka anayekijua atamke kwa kinywa chake."

"Huyu hafai," alisema Mwajabu. Alisema haraka na kwa sauti kubwa, ili amtangulie.

Mdomo wa Sudi ulisimama.

"Hafai kwa nini, binti yangu?"

"Hafai kitu. Hasemi. Ukimwita hasikii. Ni mzigo tu."

"Hapo nyuma alikuwa akisema?"

"Hajawahi kusema la maana, mzee."

Mzee Masagati alivua kofia, akaivaa tena. Nadhani alijua. Nadhani alimsaidia kwa kadiri kanuni zilivyomruhusu, kwa kumalizia upesi. "Nipe kauli moja nigonge mhuri," alisema, akiangalia pembeni.

"Mtoto huyu hafai," alisema Mwajabu.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya nyumbani ambayo Sudi aliyasikia kutoka kwa mama yake tangu aketishwe nyuma ya kioo. Hakulia. Alifunga mdomo wake vizuri, akateremka kitini mwenyewe, na fundi akaja na kitambaa akafuta namba kwenye ndala zake. Mhuri uligongwa. Mtoto wa watu alitoka getini akiwa chakavu kihalali.

Nilitoka nao. Tulipouvuka uzio tu, Mwajabu alipiga magoti kwenye tope, cheti na mkoba vikaangukia huko, akamshika mwanawe uso na kumwaga yote. "Unafaa, baba. Unafaa kuliko dunia nzima. Mama alikuwa anawadanganya wale wazee. Mama alikuwa hana njia. Karibu, baba, karibu, karibu." Alisema mpaka sauti ikamkauka. Sudi aliutazama mdomo wake. Mtoto wa miaka mitatu hajui kwamba mtu anaweza kusema jambo mbele za watu huku akimaanisha jingine. Hilo hufundishwa baadaye, shuleni, na sisi walimu.

Njiapanda, pale magari ya kwenda Mwendambio yanapopakia, palikuwa na mama anauza mahindi ya kuchemsha chini ya turubai. Mvua ilikuwa ikinyesha, na huko nje watu waliiita mvua. Alitusogezea benchi. Alimpenda Sudi mara moja, kama kila mtu alivyompenda, akamchagulia hindi laini, akalipuliza lipoe, akainama.

"Na huyu bwana mdogo mzuri hivi, anaitwa nani?"

Mwajabu alinishika mkono. Hakumjibia. Tulisubiri wote wawili, na sidhani kama nimewahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka mtoto yule ajibu. Sudi alimtazama yule mama. Akamgeukia mama yake, akamwangalia usoni. Kisha akasema, kwa sauti ileile iliyokuwa ikinisimulia habari za mbuzi:

"Hafai."

Muuza mahindi alidhani hakusikia vizuri, akamuuliza tena. Sudi akarudia kwa adabu zake zote, maana ndilo jina alilopewa na mama yake.